Jarida la Muziki si Nguo ya Kuazima

Katika baadhi ya shule zetu za sekondari hapa Kampala, mwanafunzi wa Kiswahili apewapo kazi ya mradi huambiwa atunge jarida la muziki. Kazi hiyo twaipenda. Vijana wanaupenda muziki kuliko ngeli za nomino, na mvuvi mwenye akili hutia chambo akipendacho samaki. Tunachokipinga ni umbo ambalo mwanafunzi hulazimishwa kulifuata, na alama anazonyang'anywa asipolifuata.

Mwongozo wa kusahihisha unaopita mikononi mwa walimu wengi umenakiliwa kutoka mafunzo ya shule za Uingereza, ambako mwanafunzi huwekewa mezani majarida kama NME lililoanza mwaka 1952, Kerrang! la mwaka 1981, na Q lililoanza mwaka 1986 na kufa mwaka 2020. Humo imeandikwa kwamba jina la jarida likae juu kabisa, uso wa msanii mmoja ujaze jalada na kumkodolea macho msomaji, rangi zisizidi tatu, vichwa vya habari vipangwe ubavuni, na pembeni viwepo vile vistari vyeusi vinavyosomwa na mashine dukani. Vistari vya bei, kwa jarida ambalo halitauzwa hata nakala moja! Tumewaona watoto wakivichora kwa rula, kimoja baada ya kingine, kwa sababu vina alama mbili.

Tuulize basi kanuni hizo zilizaliwaje. Jina lilikaa juu kwa sababu katika maduka ya Uingereza majarida husimamishwa rafuni moja likilifunika jingine, na kinachoonekana ni ukingo wa juu na wa kushoto tu. Mchoraji hakuwa na hiari. Rafu ndiyo iliyomwamuru. Kampala muuzaji huyatandaza magazeti chini kando ya njia, au huyabeba mkononi akipita kati ya magari yaliyokwama, na mnunuzi huliona jalada lote kwa mara moja. Ile rafu haipo, lakini sheria yake tumeileta, na tunaifundisha kana kwamba ni kanuni ya maumbile.

Hasara kubwa zaidi imo ndani ya kurasa. Safu nyembamba ya jarida la Kiingereza imepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo katika neno moja. Mtieni "hawakumsikiliza" katika safu ya upana wa vidole viwili muone. Kompyuta, ambayo imeamrishwa kufuata Kiingereza, hulikata neno popote ipendapo. Tumesoma "mwan-amuziki" na "nyimb-o" katika kazi za wanafunzi wetu, ilhali mtoto wa darasa la tatu ajua kwamba silabi yetu huishia kwenye irabu. Hakuna aliyetolewa alama kwa makosa hayo. Mwongozo hauyajui.

Kuna pia ile herufi kubwa inayoanzisha aya, yenye kimo cha mistari mitatu. Kwa Kiingereza huenda ikapendeza. Kwetu sentensi ikianza na neno "ng'ombe", N husimama peke yake kama mlingoti, na nyuma yake hutambaa "g'ombe". Darasa moja tulilolifundisha lilichagua jina zuri la jarida, Ng'ara. Jalada lilipokamilika, ritifaa ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa, walituambia, "inaharibu sura ya herufi." Ngara! Kwa mantiki hiyo hiyo "ng'oa" itakuwa "ngoa", na anayejua maneno hayo mawili anajua umbali uliopo kati ya kung'oa mti na kuona wivu. Wala watoto wa hapa hawawezi kusema kwamba sauti hiyo ni ngeni kwao. Luganda wanachokisema nyumbani kina sauti hiyo, tena kimeitengea herufi yake, ŋ.

Kuhusu vichwa vya habari, tunajinyima utajiri wetu wenyewe. Mwandishi wa Kiingereza hupunguza maneno madogo ili kichwa kienee jaladani. Sisi tuna neno ambalo ni sentensi nzima. Mwanafunzi anayeandika habari za Afrigo Band, bendi iliyoanza mwaka 1975, angeweza kuweka jaladani neno moja tu, "Hawajachoka", na asingedaiwa ziada. Badala yake jalada huandikwa kwa Kiingereza juu, chini na ubavuni, na Kiswahili huachiwa kurasa za ndani, kama mgeni anayepokewa kwa mlango wa uani. Tukumbuke ni nchi gani hii. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa mwaka 2020 ulikifanya cha lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Baada ya yote hayo mwalimu wa Kiswahili ndiye anayetoa alama kwa jalada la Kiingereza! Wala tusisingizie muziki. Jose Chameleone aliimba "Kipepeo" kwa Kiswahili, na mji huu ukaimba naye.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Mwanafunzi mmoja wa kike, katika shule ambayo hatutaitaja, alileta jarida lisilokuwa na uso wa msanii. Jalada alilipanga kama kanga: pindo pande zote nne, mji katikati, na chini ya mji, ndani ya kisanduku, jina, yaani maneno yenyewe, kwa herufi kubwa. Mjini aliwachora wapigaji watatu wa amadinda, wawili wakikabiliana upande na upande wa magogo kumi na mawili, na wa tatu akidaka zile funguo mbili za mwisho. Ndani aliweka ukurasa uliojaa tarakimu, kuanzia 1 hadi 5, na nukta kati yake. Tulikuwa wasahihishaji wawili. Hatukuelewa, tukaandika pembeni "hesabu za nini?", tukampa alama kumi na tisa katika hamsini. Wiki mbili baadaye mwalimu wa muziki alituonyesha kwamba hivyo ndivyo wataalamu wanavyoandika nyimbo za amadinda, kwa kuwa kinanda hicho kina sauti tano katika kila mzunguko. Tarakimu za mpigaji wa kwanza zilikuwa ukurasa wa kushoto na za wa pili ukurasa wa kulia, zikipishana kama mikono yao inavyopishana. Katika miaka yetu yote ya kusahihisha, hatujaona kurasa mbili zinazotazamana zikitumiwa kwa akili kuliko hizo. Mwongozo ulitaka hapo picha moja kubwa ya msanii.

Wako watakaotujibu kwamba ulimwengu ni mmoja, na kijana anayetafuta kazi ya uchapaji hana budi kujua desturi za ulimwengu. Azijue, na ajue pia sababu zake, ili atambue zinapokoma. Na kama ni kazi, basi aende Nasser Road, ambako mji huu unapigia chapa kalenda, kadi na mabango yake. Mafundi wa pale hujaza bango picha na maneno hata pasibaki pa kuweka kidole, na wasomi huwacheka. Lakini mabango yao hununuliwa, hubandikwa ukutani, na wageni kutoka Ulaya wameyaandikia kitabu. Na Kampala haikuanza jana kutoa majarida. Penpoint la wanafunzi wa Makerere lilianza mwaka 1958, na humo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha hadithi zake za mwanzo. Leo linakumbukwa kwa hadithi hizo, wala hatujasikia mtu akiulizia jina lake lilikaa upande gani wa jalada.

Tunaomba basi chama kiufute mwongozo huu katika kikao kijacho cha wasahihishaji. Alama za vistari vya bei zihamishiwe kwenye ukataji sahihi wa maneno, na ritifaa ihesabiwe kuwa herufi. Jalada lote liwe la Kiswahili. Mwanafunzi aandike nusu ukurasa kueleza kwa nini alipanga alivyopanga, na mwalimu ausome kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kuhusu yule binti, tumemwandikia mkuu wa taaluma wa shule kuomba kazi ile isahihishwe upya na mtu mwingine, tukiambatanisha maelezo ya mwalimu wa muziki. Hadi tunapompelekea mhariri makala haya, hatujapata jibu.