KWA NINI KARANI AOMBE KITI CHA BUNGE LA JIMBO?

Wananchi wa Mangina, ndugu zangu wa mashimo, wafanya biashara wa Beni na Butembo,

Tangu ilipojulikana kwamba mimi, karani wa dhahabu ambaye sijafika miaka arobaini, nataka kusimama katika uchaguzi wa Bunge la Jimbo unaongojewa mwaka 2028, maneno yamekuwa mengi. Wengine wanacheka. Wazee wananiambia kwa upole: “Mwana wetu, ngoja kwanza.” Na wengine wanasema neno zito kuliko hilo: Bunge lenyewe limenyamazishwa, unakwenda kufanya nini huko? Yanipasa kujibu.

Kwanza hili la kungoja. Sisi wa huku tunajua kungoja ni kitu gani. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, na jina la Mangina likasikika dunia nzima. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katikati ya msiba huo, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, ikasema kwamba Beni na Butembo hawatachagua siku moja na wenzao, wangoje mpaka Machi, kwa ajili ya ugonjwa na vita. Nchi ikapiga kura tarehe 30 Desemba. Rais akaapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tukaitwa tarehe 31 Machi, tuchague wabunge tu! Watu zaidi ya milioni 1 hawakuhesabiwa katika kumchagua Rais wao.

Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Je, Ebola ilikuwa ikivizia watu penye sanduku la kura peke yake? Na watu wa Beni, siku ile ile ya 30 Desemba, walijipanga mstari, wakapiga kura zao wenyewe, hali wakijua kwamba hakuna mkubwa atakayezihesabu. Mimi siwezi kusahau mstari ule. Yeye anayeniambia leo “ngoja”, anisaidie kwanza kujua tulipata nini kwa kungoja kule.

Juu ya umri sitasema mengi. Katiba inamruhusu mtu wa miaka 25 kuwa mbunge wa taifa. Tom Mboya alichaguliwa Nairobi mwaka 1957 akiwa na miaka 26. Patrice Lumumba alikuwa na miaka 34 nchi ilipopata uhuru na yeye akiwa Waziri Mkuu. Na wanaodharau makarani wakumbuke kwamba katika ujana wake alifanya kazi ya ofisi kwenye kampuni ya madini huko Kalima.

Sasa neno lile zito. Ni kweli, tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Liwali wa kiraia akaondoka, askari akashika kalamu yake, na Bunge la Jimbo likasimamishwa. Ilisemwa ni siku 30. Siku 30 zikaongezwa nusu mwezi, na nusu mwezi mwingine, mpaka miaka ikapita. Desemba 2023 tulipiga kura tena. Aprili 2024 wabunge wa majimbo mengine walichagua maliwali wao. Kivu ya Kaskazini na Ituri hawakuchagua.

Sisemi askari hawana kazi hapa. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliochinjwa mashambani, na anayetaka kupigana na wauaji hao nitambebea maji. Lakini kupigana na adui ni kazi moja, na kupanga fedha za jimbo ni kazi nyingine. Liwali aliyeteuliwa kutoka Kinshasa hana haja na kura yako, basi kwa nini akuonyeshe hesabu yake?

Nisikilizeni hapa, enyi watu wa mashimo, maana hili ndilo linalonisimamisha. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitoza dhahabu ya makampuni mrabaha wa 3.5 kwa mia. Katika kila faranga 100 za mrabaha huo, 50 zinakwenda Kinshasa, 25 ni za jimbo, 15 ni za komini, sekta au usultani ambapo shimo liko, na 10 zinawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mkimuuliza mchimbaji yeyote aliyetoka shimoni na matope magotini kama amepata kusikia juu ya zile 25 na zile 15, atawatazama kama mnamtania. Tena dhahabu inayovuka kwenda Uganda ndani ya mfuko wa mtu hailipi hata faranga moja. Grama naziona zikipimwa, barabara siioni.

Nani aulize fedha hizo zimekwenda wapi? Bunge la Jimbo ndilo lenye kazi ya kupitisha bajeti na kumwita liwali ajieleze. Mangina ni komini, lakini mwaka 2023 madiwani walichaguliwa katika makomini ya miji mikuu ya majimbo tu. Basi huku chini hatuna diwani, na huko juu Bunge limefungwa. Wanaoniuliza nakwenda kufanya nini katika Bunge lililofungwa, nawajibu: kura ninayoomba ni ya kwenda kudai lifunguliwe. Mtu aliyepewa kura za watu anagonga mlango ule kwa nguvu nyingine kuliko karani anayeandika barua.

Fedha sina. Anayengoja bia na fulana kutoka kwangu asipoteze wakati wake. Ninachoahidi ni hiki: kila miezi mitatu nitarudi hapa na karatasi ya yale niliyouliza na yale niliyojibiwa, nami nitaisoma kwa sauti sokoni, hata kama majibu ni kimya. Nikikosa mara mbili, msinipe kura ya pili.

Jumapili mchana, misa na ibada zikiisha, nitakuwapo sokoni Mangina na kitabu cha sheria. Mwenye swali juu ya zile 25 na zile 15 aje, na anayepinga aje pia.

Karani wa Mashimo