Mbung'o Mmoja, Picha Arobaini



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie mdudu. Ni nani katika mkoa wetu wa Katavi asiyemfahamu mbung'o? Wasafiri waendao Sumbawanga wakipita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hufunga vioo vya gari hata jua liwakapo, na warina asali wa misitu ya miombo wamezoea kumpiga kabla hawajamwona. Wazee wetu walimjua kwa gharama kubwa zaidi, maana katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Hata hivyo, ni wachache mno waliowahi kumtazama usoni.

Yafaa kumtazama usoni, kwa kuwa yupo nzi wa mazizini, ambaye naye huuma, hufyonza damu, na mdomo wake huelekea mbele vilevile. Mbung'o akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na katikati ya kila bawa mna chumba chenye umbo la shoka. Alama nyingine imo katika papasi zake. Kila papasi ina uzi mwembamba wenye vinyweleo upande mmoja, na kila kinyweleo nacho kina matawi. Vinyweleo vya nzi wa mazizini havina matawi. Hayo huonekana vizuri chini ya hadubini ya macho mawili, ile itumiwayo kuchunguza mdudu mzima bila kumkata vipande.

Shida huanza pale tunapotaka kumpiga picha. Hadubini ikikuza sana, huonyesha kwa ukali tabaka jembamba tu, lisilofika hata milimita moja. Jicho la mdudu likionekana safi, papasi imefifia; papasi ikiwa safi, mabawa yamekuwa ukungu. Kwa hiyo wapigapicha hupiga picha thelathini au arobaini, wakizungusha skrubu kidogo kidogo kutoka juu hadi chini. Kisha programu ya kompyuta, kama Helicon Focus au Zerene Stacker, huchagua sehemu iliyo kali katika kila picha na kuziunga zote ziwe picha moja.

Wapo wanaosema kwamba picha ya namna hiyo ni uongo, kwa sababu hakuna jicho lililopata kumwona mdudu yule hivyo kwa mara moja. Sisi hatukubaliani nao. Mtu achunguliaye hadubini naye huzungusha skrubu, akatazama juu, akatazama chini, kisha akilini mwake akamkamilisha mdudu mzima. Picha moja yenye ukungu nayo inaficha mengi, ila tumeizoea.

Tatizo la kweli liko kwingine. Hadubini ya macho mawili ina njia mbili za mwanga, na kila moja humtazama mdudu kwa mshazari, kutoka upande wake. Kamera ikifungwa kwenye njia mojawapo, taswira husogea pembeni kila skrubu inapozungushwa. Programu haina budi kuzirudisha picha mahali pake kwanza. Ikikosea, kinyweleo kimoja huonekana viwili. Na vinyweleo vinapopishana, kimoja mbele ya kingine, programu huweza kukifuta cha nyuma au kukizungushia ukungu. Tazameni basi hatari iliyopo: kosa hutokea mahali palepale penye alama. Nzi wa mazizini aweza kupewa matawi asiyozaliwa nayo, na mbung'o akanyang'anywa ya kwake. Picha hiyo ikibandikwa ukutani darasani, watoto watajifunza mdudu asiyekuwapo, tena kwa uhakika mkubwa, kwa kuwa picha inapendeza.

Hapo ndipo Amri ya Nane inapoingia hata kwenye meza ya hadubini. Kwa maoni yetu, kila picha iliyoungwa iandikwe wazi kwamba imeungwa, kutoka picha ngapi na kwa programu ipi. Picha za awali zisifutwe, hata zikijaza kompyuta, ili mwenye shaka juu ya kinyweleo arudi kukitafuta humo. Programu hizi huwa na njia zaidi ya moja ya kuunga: iliyo hodari kwa vinyweleo huweza kubadili rangi kidogo, na itunzayo rangi hukosea vinyweleo. Afadhali basi kuunga mara mbili na kulinganisha.

Tungefurahi kuona mbung'o wa Mpanda akipigwa picha Mpanda, na walimu wetu wenyewe, badala ya kungoja michoro ya vitabu. Kamera ya kawaida yaweza kutosha ikiwa shule ina hadubini. Mwanga wa taa upitishwe kwenye karatasi nyeupe nyembamba, ili mgongo wa mdudu usimetemete. Meza iwe nzito. Na kama jirani ana mashine ya kusaga, aombwe kwa heshima aizime kwa nusu saa, kwa maana mtikisiko mmoja huharibu picha zote arobaini.