Wastani Unaomficha Abiria wa Magomeni

Ndugu zangu mnaoandika ripoti za usafiri, nina ugomvi na neno “wastani”. Tuseme mwendokasi hupita Magomeni Mapipa kila dakika 10 kwa wastani. Mabasi yakipishana sawasawa, abiria husubiri wastani wa dakika 5. Yakija ovyo, kwa ule mtawanyo wa eksponensha tunaowafundisha wanafunzi wa biashara (nao huukariri, wakausahau), husubiri dakika 10, kwa kuwa wengi hufika ndani ya pengo refu. Na 14 hivi katika kila 100 watapitisha dakika 20. Ripoti haibadiliki hata nukta, ilhali kibarua wa Kariakoo amekwisha kupoteza ujira wake. Chapisheni mapengo yote, basi kwa basi, saa kwa saa.