Uvivu wa Mwanafunzi Mzee

Wako watu katika nchi yetu ambao wakimwona mtu wa miaka 40 amechukua vitabu kwapani, hutikisa vichwa na kusema kwamba huyo amekimbia kazi. "Alipata digrii ya kwanza, akapata ya pili," husema, "sasa anatafuta nini tena?" Maneno hayo, msomaji, huenda umeyasikia kwenu, na pengine uliyacheka. Nakusudia kuyapinga, kwa kuwa ni uongo, na uongo huu una madhara.

Digrii inayobishaniwa ni uzamifu. Neno lenyewe limetokana na kuzama, na waliolichagua walichagua vyema. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza hufundishwa yaliyokwisha kujulikana. Wa uzamifu hutakiwa kuleta juu jambo ambalo hakuna aliyelijua kabla yake, aliandike katika tasnifu, kisha akae mbele ya wataalamu wamhoji. Desturi hii ilikomaa Ujerumani katika karne ya 19. Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani kiliitoa digrii hii mwaka 1861, na Oxford, pamoja na ukongwe wake wote, haikuikubali mpaka mwaka 1917.

Sasa tazama siku za mtu anayezama. Ninaye mwenzangu, mkufunzi wa chuo cha ualimu kama mimi, anayechunguza namna watoto wasemao Kibukusu nyumbani wanavyojifunza kusoma Kiswahili. Hufundisha vipindi 18 kwa juma, husahihisha madaftari, na jioni ya Ijumaa hupanda matatu kwenda mjini kuonana na msimamizi wake. Safari nyingine hukuta mlango umefungwa. Msimamizi ana wanafunzi wengi, naye amesafiri.

Kabla hajamwuliza mtoto hata mmoja swali moja, ilimpasa apate idhini ya chuo kikuu, kisha leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maana kwa sheria ya mwaka 2013 kutafiti bila leseni ni kosa. Zikafuata barua za maofisa wa kaunti, ruhusa ya mwalimu mkuu, na kibali cha wazazi. Mlezi mmoja, bibi kizee, alimwuliza, "Mwanangu, karatasi zako hizi zitatuletea maji?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Wengi wamefika kwake na karatasi, wakaondoka, wasirudi.

Sauti alizozinasa huziandika usiku, watoto wake wakiisha kulala. Maongezi ya saa moja huweza kumla usiku mzima na wa pili, kwa kuwa kila neno lapasa kusikizwa na kurudiwa. Na umeme ukikatika, hungoja. Karo hutoka katika mshahara ule ule unaolipa kodi ya nyumba, michango ya matanga na harambee. Jamaa zake, nao, wamekwisha kumvika jina ambalo hajalipata: humwita daktari, na shangazi yake alimletea mjukuu mwenye kikohozi apate kumtibu!

Hapa ndipo ninapowashtaki wenye kucheka. Hawaichukii digrii, waichukiayo ni kazi yake. Jina la "Dkt." hulipenda mno: hulitaka katika matangazo ya mazishi, na katika picha za wagombea viti wakati wa uchaguzi. Jamii ikipenda jina na kudharau kazi, hutokea soko la jina. Wapo watu waandikao tasnifu za wengine kwa malipo, na wapo wanunuzi, na kila mmoja ajua afanyalo.

Wenye mamlaka nao hawakosi lawama. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni kwamba yampasa mhadhiri kuwa na uzamifu, na wasio nao wakapewa miaka michache waupate. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja nchini kilitoa digrii hizo 118 katika mahafali moja. Pakawa na makelele, na Tume ikaanzisha uchunguzi. Sisemi wale 118 waliiba. Wengi huenda walitoka jasho la miaka. Nasema kwamba huwezi kumwamuru mtu azame na hali umemfunga miguu kwa kamba.

Utaniambia kwamba uzamifu haununui unga. Ni kweli kwamba wengine wanao na kazi hawana. Lakini mfikirie Wangari Maathai. Aliupata uzamifu Nairobi mwaka 1971, huku akifundisha na kulea, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuwa nao. Baadaye, akichunguza kupe waenezao ndigana katika ng'ombe, aliona jambo ambalo hakutumwa kulitafuta: ng'ombe wamekonda na mito imejaa udongo. Jicho lile lililozoezwa kutazama halikupita hivi hivi. Mwaka 1977 ilianza kazi ya kupanda miti iliyojulikana kama Green Belt Movement, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kina mama waliopanda miti hiyo hawakumwuliza kama digrii hununua unga.

Wanachohitaji wanafunzi hawa si sifa. Wapunguziwe vipindi, walipwe likizo ya kuandika, na sura ya tasnifu iliyopelekwa kwa msimamizi irudi kwa tarehe iliyoahidiwa, si baada ya miezi mitano. Mwenzangu aliomba apunguziwe vipindi 6 tu kwa muhula mmoja. Alijibiwa kwa barua yenye mhuri kwamba masomo yake ni starehe yake mwenyewe.