Mfunze mwanao kuchuma, si kuomba

Mpenzi mzazi, shule zikifungwa, mwanao huanza na maneno gani? Katika nyumba nyingi za jijini ni haya: "Baba, naomba pesa." Leo ni za nauli, kesho za kinyozi, kesho kutwa za simu. Unampa ili upate kupumua. Miaka ikipita unashangaa kuona kijana mwenye ndevu bado anautazama mfuko wako.

Hatusemi mtoto anyimwe. Chakula, mavazi na karo ni haki yake. Tunazungumzia yale matumizi madogo madogo ambayo kijana mwenye afya anaweza kuyatolea jasho wakati wa likizo.

Kwanza, usimlipe kwa kuosha vyombo au kufua nguo zake. Hizo ni kazi za kila anayelala nyumbani humo, awe msichana au mvulana. Ukimzoesha malipo, siku utakayougua atauliza bei kabla ya kukupikia uji.

Pili, mpe mtaji, nao uwe deni. Tuseme umemkopesha Sh400 akanunua trei ya mayai 30, akayachemsha na kuwauzia majirani wa ploti jioni kwa Sh25 kila moja. Atapiga hesabu haraka: Sh750, faida Sh350! Mwache auze. Manne yakipasuka, yatabaki 26, yaani Sh650. Atoe Sh60 za nyanya na vitunguu vya kachumbari, Sh50 za mafuta ya stovu, na Sh400 zako. Kilichobaki ni Sh140. Hapo ndipo penye somo. Aliyezipata Sh140 kwa kubisha milango jioni nzima hatazitupa ovyo kwenye michezo ya kubahatisha.

Tatu, usiziguse pesa zake. Wazazi wengi huteleza hapa. "Nipe za mboga, nitakurudishia kesho," na hiyo kesho haifiki. Mtoto aliyedhulumiwa na mzazi wake hujifunza kuficha, hajifunzi kuweka akiba. Ukikopa, lipa siku uliyoahidi.

Hata hivyo, kuchuma kusigeuke utumwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 13, na aliye kati ya miaka 13 na 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake. Shule zikifunguliwa, sufuria ya mayai iwekwe kando.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili? Kwa sababu mkono uliozoea kupokea hauchagui mtoaji. Siku mzazi atakapokosa cha kutoa, atatokea mwingine mwenye pesa na nia mbaya. Ni mabinti wangapi waliokatiza masomo kwa ajili ya simu na viatu walivyonunuliwa na wanaume wa rika la baba zao? Na ni wavulana wangapi walioingizwa katika wizi na rafiki aliyewalipia chakula?

Nawe kijana unayesoma ukurasa huu, wahenga walikwisha kukuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Likizo ijayo, kabla hujanyoosha mkono, tazama majirani zako wanahitaji nini: kufuliwa zulia, kuoshewa gari, au mtoto wao kusaidiwa hesabu. Kisha mwendee mzazi, umwombe mtaji, na umtajie siku utakayoulipa.