Neno la Mhariri: Fuvu Libaki Kalenga

Toleo hili limetokana na hoja iliyosemwa mara nyingi bila kujibiwa ipasavyo: kwamba makumbusho madogo ya mikoani hayana wageni wa kutosha, ulinzi wake ni hafifu, na hivyo vitu vyake vya thamani vihamishiwe Dar es Salaam vikaonwe na wengi. Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji, swali la mahali pa kuweka mabaki ya wazee wetu yatakaporejeshwa haliahirishiki tena. Msimamo wa jarida hili ni kwamba kila kitu kirudi kilikotoka, na anayetaka kukiona akifuate huko.

Kalenga, kijiji kilicho nje ya mji wa Iringa, ndiko hoja hii inakopimika vizuri zaidi. Ya vita vya Lugalo mwaka 1891 na ya kuanguka kwa ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, mikononi mwa Wajerumani mwaka 1894 wasomaji wetu wanayajua. Linalotuhusu hapa ni fuvu la Mkwawa. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua Bremen, Ujerumani, kutoka katika mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, akitegemea vipimo vilivyolinganishwa na vya jamaa za Mkwawa pamoja na tundu la risasi, kisha mwaka 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Utambuzi wa namna hiyo umeacha shaka mpaka leo, na wapo wanaosema kwamba shaka hiyo inapunguza umuhimu wa kulibakiza kijijini. Sisi tunaona kwamba ndiyo sababu kubwa ya kulibakiza. Likiwekwa Dar es Salaam, mgeni atasoma maelezo ya ukutani na habari itaishia hapo. Kalenga lipo palipokuwa na ngome yenyewe. Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa bila kichwa mwaka 1898, ipo mkoa huohuo. Na wanaolizunguka ni watu waliorithi masimulizi ya kifo chake. Mgeni anaweza kusoma, akauliza, akaenda kaburini, akasikia simulizi isiyolingana na maandishi, akarudi kuyasoma upya. Historia huhakikiwa hivyo, na kabati la kioo pekee haliwezi kuifanya kazi hiyo. Tunachoidai Kalenga ni kuieleza shaka hiyo waziwazi, kwa Kiswahili kinachosomeka na mwanafunzi wa darasa la sita.

Hoja ya usalama ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Paa huvuja, mchwa hula ngoma na viti vya enzi, wezi wapo. Lakini maradhi hayo yana dawa inayojulikana, nayo ni bajeti ya matengenezo na mhifadhi aliyefunzwa. Ukubwa wa jengo si kinga: Makumbusho ya Taifa ya Brazil, mjini Rio de Janeiro, yaliyokuwa na vitu takribani milioni 20, yaliungua Septemba 2018 na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea kwa usiku mmoja. Wengine wanahofia kwamba makumbusho ya mikoani yatachochea ukabila. Makala yetu kuhusu Songea inawajibu: wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa Februari 27, 1906 wanakumbukwa pale walipozikwa, na vita vilivyowafikisha hapo viliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengineo. Makala ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, inaonyesha jinsi kituo kilichoanzishwa na padri kutoka Quebec, David Clement, kilivyokuwa cha Wasukuma wenyewe kwa sababu vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana humo kila sikukuu ya Bulabo. Utapata pia makala ya Kapenguria na gereza la viongozi wa ukombozi wa Kenya, na nyingine inayoidai Berlin mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi.

Inabaki hoja ya idadi ya wageni. Makumbusho ya kijijini yakipimwa kwa watalii yatashindwa daima, kwa kuwa kipimo hicho kinamsahau jirani, ambaye ndiye mgeni wake wa kwanza. Tuulize ni shule ngapi za wilaya zimepita hapo mwaka huu, na kama wazee wanaitwa kusahihisha maelezo yaliyoandikwa juu yao. Watalii hawako mbali kiasi hicho: magari yaendayo Hifadhi ya Ruaha hupita jirani na Kalenga. Kinachokosekana ni bango linaloonekana, mwongozaji anayelipwa mshahara, na kiingilio kinachobaki kituoni kuziba paa. Haya matatu yatimizwe kwanza. Anayetaka kuhamisha vitu kabla ya hapo anaadhibu kijiji kwa uzembe ambao si wake.