Kiwanja Kikipinda, Usiipinde Haki

 

Ndugu msomaji, leo nataka kusema nawe juu ya nyumba yako. Ni ile uliyoiwekea akiba miaka mingi, ukajinyima, mkeo akauza bangili zake, mpaka mkapata kiwanja Mbagala, au Yombo, au Mwananyamala, au Bunju. Alhamdulillahi. Lakini ulipokwenda kukipima ukakuta si mraba. Upande huu mita 20, upande ule mita 13, na nyuma kimechongoka kama tanga la jahazi.

Usishangae. Sehemu kubwa ya vitongoji vyetu ilikuwa mashamba ya minazi na mikorosho. Mwenye shamba alimkatia huyu kipande, akamkatia na yule; alipokufa warithi wakagawana, na mpaka ulikuwa mwembe, au mnazi, au safu ya minyaa. Waliopata viwanja vilivyopimwa kwanza, kama katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, walipewa pembe zilizonyooka. Wengi wetu tulijenga kabla mpimaji hajafika. Kwa hiyo kiwanja kupinda si aibu ya mtu. Aibu ni namna tunavyokinyoosha.

Twakinyoosha vipi? Fundi anakuja na kamba na vigingi, anatazama, anasema: "Mzee, tukisogea hatua moja tu upande huu, nyumba itakaa sawa." Hatua hiyo moja ni ya ujia wapitao watu, au ni ya uwanja wa mjane aliye jirani, au ya mtu aliyesafiri. Mwenye kiwanja anatazama huku na huku, kisha anasema: "Bismillahi, chimba." Bismillahi gani hiyo? Walitaja jina la Mola wako juu ya mali ya mwenzio?

Jambo hili katika sharia lina jina lake, nalo ni ghasbu, kuchukua haki ya mtu kwa nguvu. Wamepokea Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) amemwonya mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma, kwamba siku ya Kiyama atavikwa shingoni ardhi hiyo pamoja na tabaka zake saba. Shibiri, ndugu yangu! Kipimo cha kiganja kilichokunjuliwa. Wewe umechukua hatua nzima kwa urefu wa ukuta wa mita 15. Hebu hesabu mwenyewe umejitwika shibiri ngapi.

Aliyeipokea hadithi hiyo, Sayyidna Said bin Zayd, alishitakiwa na jirani yake, mwanamke aitwaye Arwa, kwamba amemla ardhi. Akasema: vipi nitachukua, nami nimeyasikia kwa Mtume niliyoyasikia? Akamwachia alichokidai, akamwombea Mungu amhukumu ikiwa amesema uwongo. Mwanamke yule akapofuka, na akafa kwa kutumbukia kisimani katika ardhi ile ile. Basi na amwogope Mungu anayesogeza kigingi, na amwogope vile vile anayemsingizia jirani kuwa amekisogeza.

Najua majibu yako. Nitayachukua moja moja.

Utasema: "Ujia si wa mtu." Nami nasema ujia ni wa watu wote, na mwenye kuula amewadhulumu wote, mpaka mtoto atakayezaliwa kesho. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Saba ni zaidi kidogo ya mita tatu. Nenda leo Tandika au Manzese ukapime. Nilihudhuria msiba ambako jeneza la bibi mmoja halikuweza kupita, kwa sababu ukuta mpya ulikuwa umeingia ujiani. Tuliliinua juu ya vichwa na kulilaza ubavu, na wanawe wakilia. Mwenye ukuta alikuwapo, naye akasaidia kuinua. Hakuna aliyemwambia neno. Nami pia nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonifanya niandike haya. Kama jeneza halipiti, gari la zimamoto litapita wapi? Mgonjwa wa usiku atatolewa vipi?

Utasema: "Nina karatasi. Wamekuja kurasimisha makazi, wamepima, ukuta wangu umo ndani ya mpaka." Mpimaji hupima anachokionyeshwa, na wala hajui usiku uliochimba msingi. Mtume mwenyewe (S.A.W.) alisema kuwa yeye huhukumu kwa kadiri anavyosikia, na kwamba atakayehukumiwa kupewa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haiigeuzi haramu kuwa halali kwa anayeijua nafsi yake, leseni yako ya makazi itaigeuza?

Utasema: "Nimesogeza ili nyumba ielekee kibla." Hili nimelisikia kwa masikio yangu, na nilistahi kucheka. Sisi wa Dar es Salaam Makka iko kaskazini yetu takriban moja kwa moja. Mkeka hutandikwa kwa mshazari katika chumba chochote, na Swala ikatimia. Lakini kuswali juu ya ardhi ya ghasbu wanavyuoni wameafikiana kuwa ni dhambi. Kwa Imam Shafi, ambaye wengi wetu twamfuata, Swala yasihi na mwenyewe ana madhambi. Na kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imam Ahmad ni kuwa haisihi kabisa. Wataka kuwajengea wanao chumba cha kuswalia ambacho maimamu wanahitilafiana kama Swala yake ni Swala?

Basi tufanyeje? Dini haikukuzuia kujenga vizuri.

(1) Kabla ya kamba, waite majirani wa pande zote pamoja na mjumbe. Tembeeni mpakani mchana, pandeni mawe, andikeni na mashahidi watie sahihi.

(2) Ukihitaji kipande, kinunue. Kiwanja cha msikiti wa Madina kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa Mtume bure, naye akakataa ila alipe. Kama nyumba ya Mungu haikujengwa juu ya ardhi isiyolipwa, sembuse yako?

(3) Mwambie fundi aanze na upande mrefu ulionyooka, na hapo apige pembe yake ya tatu, nne, tano. Vyumba na ukumbi vikae hapo. Ile pembe iliyochongoka iwe uani: jiko, tangi la maji, kamba ya nguo, mlimau. Wenzetu wa Lamu walijenga mji mzima katika viwanja vya kubanana, na aliyetaka chumba zaidi alivusha wikio juu ya njia, watu wakapita chini yake.

(4) Choo kielekee mashariki au magharibi, usikabili kibla wala kukipa mgongo; ndani ya jengo Mashafi wamelegeza, lakini kujiepusha ni bora. Shimo liwe ndani ya mpaka wako, mahali ambapo gari la majitaka litalifikia. Michirizi ya paa imwage kwako. Dirisha lisichungulie uani kwa watu.

Na wewe ambaye umekwisha jenga, na moyo unakugonga usomapo haya, mlango haujafungwa. Nenda kwa jirani kabla ya Ijumaa. Mlipe kwa thamani atakayoridhia, au akusamehe kwa hiari, si kwa haya. Na ikiwa ni njia ya watu, hakuna mmoja awezaye kukusamehe kwa niaba ya wote: bomoa. Ukuta wa matofali hubomolewa kwa siku moja.

Nyumba iliyopinda juu ya ardhi ya halali ina baraka, na wanao watairithi bila kesi. Iliyonyooka juu ya shibiri ya mjane utaiacha, na shibiri utaondoka nayo.

Mwenyezi Mungu atupe makazi ya halali hapa na makazi mema huko tuendako. Amin.